Trei ya Chai

Mimi ni mwosha vikombe, kwa hiyo watu nawajua kwa mabaki yao. Kuna anayeacha alama ya mdomo mpaka nusu ya kikombe, utadhani alitaka kukimeza. Kuna anayerudisha majani ya chai ndani pamoja na mate yake, kisha anakukabidhi kikombe kwa "asante" ya kistaarabu kabisa. Nimekuta ukucha. Siku moja nilikuta jino la bandia, na mwenyewe akarudi kulitafuta mkono mdomoni, akaniomba nimsuuzie kwanza. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja pua. Sasa fikiria, mtu wa pua ya namna hiyo ndiye aliyeangukia kazi ya kuosha vikombe vya wagonjwa kwenye geti la kliniki.

Aliyenipa kazi hiyo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, na habari hii ni yake. Nitaisema nilivyoiona, na nikitema mate katikati mnisamehe.

Watu walimwita Mama Chai. Alikuwa mpana, mcheshi, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na alipomleta nyumbani sisi mawifi tulikaa kikao cha kumchambua, kama kawaida yetu. Tukamwona mnene mno, mchekaji mno, tena hajui kupika. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Alijua kitu kimoja tu, chai, na hicho alikijua hasa. Kaka akamchomelea jiko la chuma, wakalipeleka getini kwa mkokoteni, na tangu hapo nyumba yao ikasimama kwa birika. Ndoa yangu ilipovunjika na mimi nikarudi mjini na sanduku langu, dada zangu wote wa damu walikuwa na udhuru. Yule tuliyemchambua ndiye aliyenifungulia chumba cha nyuma na kunipa karai la kuoshea. Kutwa nzima ameshika birika, lakini mkono wa birika hakuwa nao hata kidogo.

Kliniki ilikuwa na siku zake za presha. Siku hizo, kabla jua halijachomoza sawasawa, benchi la saruji lililoshikana na ukuta wa nje lilikuwa limeshajaa watu wa makamo, kila mmoja ameambiwa asitie kitu mdomoni tangu jana usiku ili atolewe damu. Ukuta nyuma yao ulipakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega, na juu yake palikuwa na mstari mweusi wa vichwa, mafuta ya nywele ya miaka nenda miaka rudi. Sikuwahi kuuegemea. Walikaa pale wakipiga miayo, na mdomo wa njaa una harufu yake, na mimi nilikuwa upande unaopokea upepo.

Hatua chache kutoka pale, wifi yangu anachemsha maziwa.

Sasa sikiliza kosa la watu wa benchi, maana nadhani ni kosa letu sisi tu. Kwetu chai si chakula. Mtu anaweza kunywa kikombe cha maziwa matupu chenye sukari ya kusimamisha kijiko, akateremshia mkate uliopakwa siagi na mayai mawili ya kuchemsha, na ukimuuliza adhuhuri kama amekula anakuapia kuwa hajala. "Bado, nimekunywa chai tu." Wala hadanganyi. Ndivyo tunavyosema na ndivyo tunavyoamini. Kwa hiyo mtu wa presha alijisogeza taratibu kutoka benchini, akitazama pembeni kama anayekwenda haja.

"Mama Chai, nipe ya kutuliza tumbo."

"Si mmeambiwa msile?"

"Kwani nakula? Chai tu."

Naye akammiminia, kwa sababu aliamini vilevile. Dokta amekataza chakula, na chakula ni wali, ni ugali, ni kitu cha kukaa nacho mezani. Basi mtu akarudi benchini amejipangusa mdomo, makombo yamemjaa kifuani.

Nyuma ya dirisha la maabara alikaa mtu tuliyemwita Sindano. Hakuwa daktari, lakini koti jeupe likishavaliwa watu wetu hawaulizi zaidi, kila mtu alimwita dokta. Alikuwa na tumbo la kusukuma vifungo na pete iliyozama kwenye kidole. Presha alikuwa nayo yeye pia. Nilikuwa namwona akimeza vidonge vilevile walivyomeza watu wa benchi, akivisindikiza kwa chai ya wifi yangu, kikombe cha bure cha kila asubuhi. Akishatoa damu huizungusha kwenye mashine mpaka wekundu unakaa chini na maji yanabaki juu. Kwa mtu ambaye kweli hajala, maji hayo mara nyingi ni ya manjano, yanaangaza. Ya watu wetu yalikuwa na ukungu, meupemeupe, kama maji yaliyooshea mchele. Sindano alipenda kukitoa kichupa nje ya nondo za dirisha ili benchi zima lione.

"Njooni muone! Huyu mzee ana ng'ombe tumboni!"

Watu wanacheka. Mwenye damu naye anacheka, mashavu yamemshuka. Mimi nilikuwa nageukia karai langu, maana nilihisi vikombe vyote nilivyoosha asubuhi ile vimo mle ndani ya kichupa, na mate ya watu juu yake. Damu ya mtu si kitu cha kuchezea dirishani. Nilimchukia Sindano tangu siku hizo, nasema wazi.

Mwanzoni alikuwa akiwauliza. Umekunywa chai? Wakikubali anawafukuza. Wakajifunza kukataa. Akaanza kuwanusa midomo, akachoka, nani asingechoka. Mwisho akajitengenezea utaratibu wake. Aliweka trei mbili. Moja nyeupe, ya damu anayoiamini. Nyingine ya plastiki ya buluu, imepasuka ukingo, ameiita trei ya chai. Mtu akimtilia shaka kwa sura tu, kichupa chake kinaingia kwenye buluu. Damu ya trei hiyo aliipima pia, kwa kuwa kazi lazima ionekane imefanyika, lakini akipeleka majibu kwa tabibu wa presha anasema neno moja tu, "Chai." Na tabibu, aliyekuwa mtu mzima anayehesabu siku za kustaafu, hatazami tena. Anamwambia mgonjwa, "Sukari na mafuta yako yamepanda kwa sababu ya chai. Rudi mwezi ujao, na usinywe chai." Mgonjwa anakwenda zake amefurahi, maana ugonjwa wake umeshapata jina la kitu kitamu.

Wifi yangu alipatwa na presha kwa mzaha. Muuguzi alikuwa anajaribu mashine mpya, akamfunga mkono ule mpana pale pale getini, wakawa wanacheka wote wawili. Muuguzi akaacha kucheka kwanza. Wakampa vidonge, naye akavimeza kwa utii ambao sikuutarajia, kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Baadaye tabibu akamwambia presha haitembei peke yake, aende atolewe damu waone sukari na mafuta.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo watu hawakulisadiki hata lilipoapiwa. Mama Chai hakuwa anakunywa chai. Tangu mimba ya mtoto wake wa mwisho alishikwa na kinyaa cha utando wa maziwa. Ukimwekea kikombe chenye utando mbele yake anageuza uso, machozi yanamlenga. Alipima sukari na majani kwa kopo, akajua imeiva kwa kunusa mvuke. Kinyaa hicho ndicho kilichotupatanisha mimi na yeye. Nikamwona kumbe naye ana pua. Simfanyi malaika wa mlo; jioni alikula vya kukaanga mpaka vidole vikang'aa, na kutwa hakunyanyuka kwenye stuli yake. Lakini chai hakunywa. Alikunywa maji.

Siku ya kutolewa damu alifunga kweli. Hata maji aliyapiga mafunda mawili tu. Aliketi benchini na wateja wake mwenyewe, jiko nikaliangalia mimi. Alipofika dirishani Sindano akapiga kofi la kicheko.

"Wewe! Leo chai yenyewe imekuja kupimwa!"

"Sijanywa, dokta. Mimi sinywi chai."

"Mpishi gani haonji?"

Kichupa kikaingia kwenye buluu kingali na joto la mwili wake. Majibu yakawa yale yale. Rudi mwezi ujao, usinywe chai. Akarudi nyumbani akicheka, akamwigizia kaka yangu sauti ya tabibu, tukacheka sote. Mwezi uliofuata akaenda tena, amefunga tena, kichupa kikaingia mahali pale pale. Safari hiyo hakuigiza mtu.

Ndipo mambo ya nyumbani yakaanza kuharibika. Akawa na kiu isiyokatika, anamaliza jagi na kuomba jingine. Akawa hatoki chooni. Nyumba ile tulipanga vyumba, choo ni cha wote, na asubuhi moja mama mwenye nyumba alitoka humo akipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka kwenye tundu, weusi, wanene, wanapishana kama watu wa sokoni.

"Mama Chai! Unamwaga machicha ya chai chooni!"

"Sijamwaga kitu, mama."

"Basi sukari hii ya nani? Yangu?"

Mimi niliingia na ufagio na maji ya dawa, nikawafagia. Kesho yake wakarudi. Kesho kutwa wakarudi. Viumbe wale walikuwa wameshapima na kupata jibu, wakati wenye mashine wanapiga porojo. Lakini nani wa kuwasikiliza sisimizi? Mama mwenye nyumba akatupa amri ya kuosha choo kila siku, na nyumba nzima ikaamini kwamba wifi yangu ni mchafu. Hilo liliniuma kuliko choo chenyewe.

Halafu macho. Kwanza alisema kuna moshi, akalilaumu jiko. Kaka akalihamishia mbali, moshi haukuondoka. Chai ikaanza kumwagika nje ya vikombe, kidogo, kisha nyingi. Akamuunguza muuguzi vidole. Wateja wakawa wanamtania kwamba kalewa. Kaka yangu, anayedhani kila kitu hurekebishika kwa kuongeza kipande, akamnunulia miwani kwa mchuuzi wa barabarani. Niliitazama ile miwani: masikio yake ya plastiki yalikuwa na nta ya mtu mwingine kwenye mikunjo. Niliichemsha kwenye sufuria. Haikumsaidia chochote.

Usiniulize kama niliogopa. Niliogopa. Mwanamke ambaye kazi yake ni kumimina kitu cha moto kwenye kitu chembamba, macho yakimwacha anabaki na nini? Na damu yenye jibu lake ilikuwa imeshatolewa mara mbili, hatua chache kutoka kwenye jiko lake.

Mara ya tatu nilikwenda naye. Jiko tulilizima. Nilikuwa nimemkazia macho tangu usiku, nikampeleka kwa mkono mpaka dirishani, na Sindano alipomtoa damu na kukipeleka kichupa kuelekea trei yake ya buluu nikaingiza mkono wangu kati ya nondo nikamshika kiganja.

"Usikiweke huko."

"Mama, toa mkono."

"Huyu hanywi chai. Mimi ndiye mwosha vikombe. Kila kikombe pale getini namjua aliyekinywea. Yeye hana kikombe!"

Benchi likacheka. Na yeye akacheka, akakitia kichupa kwenye mashine mbele yangu, akasubiri, akakitoa, akakiinua kwenye mwanga. Maji ya juu yalikuwa na ukungu mzito, karibu meupe.

"Haya, hii ni nini? Damu haisemi uongo, mama. Watu ndio wanaosema uongo."

Nilitazama. Nakubali moyo uliniruka, maana usiku ule nilikuwa nimelala chumba kimoja naye na sikumwona akigusa hata mkate. Kama hajala, yametoka wapi? Swali lilikuwa zuri kabisa, na mtu mwenye koti jeupe ndiye aliyepaswa kujiuliza. Yeye akakiweka kwenye buluu, akajipangusa mkono niliomshika kwa kitambaa. Kujipangusa mimi! Mtu ambaye kola yake ina ukoko! Wifi yangu akanivuta akaniambia kwa sauti ndogo, "Twende, wifi. Usijishushe." Tulipita mbele ya wale watu wa benchi, wenye makombo kifuani, wanatucheka.

Kilichomwokoa si haki. Nataka lieleweke hilo, maana watu wanapenda kusikia kwamba haki ilishinda. Tabibu alikwenda likizo. Akaletwa daktari mwanamke, mwembamba, haongei sana, na kwa kuwa alikuwa mgeni hakuna aliyemwambia habari ya trei. Sindano alipompelekea majibu akisema "Chai," akafikiri anakaribishwa, akasema, "Asante, baadaye," na akayasoma yote, ya nyeupe na ya buluu. Siku hiyo hiyo akatuma muuguzi getini.

Nilimfikisha wifi ndani. Daktari akampima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, utepe umenyonya jasho la viuno vya mtaa mzima, nikafumba macho. Akafungua majibu.

"Mama, sukari unatibiwa wapi?"

"Mimi sina sukari, dokta. Nina chai."

Daktari akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Sijaelewa."

Nikamweleza mimi. Trei nyeupe, trei ya buluu, safari ya kwanza, ya pili, ya tatu, sisimizi, moshi. Nilisema kila kitu kwa mkupuo mmoja. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kupekua majibu ya nyuma, na uso wake ukaanza kukunjana. Nikamfahamu. Uso ule ninao mimi kila siku mbele ya karai.

"Hebu sikilizeni," akasema. "Kuna mafuta mabaya ya damu, na kuna mafuta mazuri yanayosafisha. Chai na mkate vinaweza kuyapandisha yale mabaya kwa saa chache, sawa. Lakini haya mazuri yako chini sana, tangu mara ya kwanza. Chai ya asubuhi moja haiyashushi hivi. Hilo peke yake lilitosha mtu kushtuka." Akamchoma tena mkononi, akasema anataka kipimo cha sukari ya miezi. "Chembe za damu hubeba alama ya sukari kwa muda wa miezi mitatu hivi. Hata ungekunywa birika zima leo, zisingekudanganya."

Jibu liliporudi lilikuwa baya. Daktari akatukalisha akasema presha ya wifi yangu haikuja mwenyewe, imekuja na ndugu zake: kiuno, sukari, mafuta mabaya yaliyopanda, ndiyo ule ukungu wa kichupani, na mafuta mazuri yaliyoshuka. Wataalamu wana jina refu la kukusanya wote, sindromu ya kimetaboliki. Mmoja akionekana mlangoni, akasema, wengine watafutwe mapema, ndiyo maana mtu wa presha anapimwa damu. Hatupimi ili tumcheke. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, lakini mlango wa maabara ulikuwa wazi.

Akampa dawa, akampeleka kwa daktari wa macho. Huko walimtia matone, wakamwangalia kwa taa, wakanong'onezana. Jicho la kulia lilikuwa limevuja damu ndani na pazia lake la nyuma, lile la kuonea, limeachia, hakuna tena la kufanya. La kushoto wangejaribu kulizuia lisipofuke kwa mionzi ya leza, na walilizuia. Daktari wa macho alikuwa anaosha mikono, ametupa mgongo.

"Nyie watu mna tabia mbaya sana," akasema. "Mbona mnasubiri mpaka mwisho? Mbona hukuja mapema?"

Wifi yangu ndiye aliyejibu, kwa adabu zake zote.

"Nilikuwapo, dokta. Nilikuwapo getini tangu asubuhi."

Hakumwelewa. Akakausha mikono, akaita mwingine.

Tulidhani hatarudi kwenye jiko. Kaka yangu alikuwa ameshaanza kulikatakata ili atengeneze dirisha. Lakini mwezi haukuisha akamtaka alichomelee upya, na akarudi getini, jicho moja limefumba, mwili umepungua, stuli ile ile. Birika sasa analiinamia karibu kabisa. Na alikuja na sheria. Mtu wa presha, siku ya presha, hapati chai mpaka aonyeshe mkono uliochomwa, pamba bado imebandikwa kwa plasta kwenye kiwiko.

"Pamba iko wapi?"

"Mama Chai, nipe kidogo tu, njaa inaniua."

"Itakuua kesho kutwa. Chai itakuwahi kabla. Pamba iko wapi?"

Walimtukana. Walisema jicho limempanda kichwani. Wengine wakahamia kwa muuzaji wa upande wa pili wa barabara, na mimi nikawatazama wakivuka na miayo yao, nikasema moyoni waende, vikombe vipungue. Lakini wengi walibaki. Mtu anatolewa damu, anakuja anakunja mkono, anaonyesha pamba kama tiketi. Yule daktari mwanamke alifurahi sana, akaongeza la kwake: na wafanyakazi wa kliniki wenye presha nao wapimwe, kuanzia wiki ile.

Sindano hakuwa amekanyaga getini tangu tuliporudi. Asubuhi moja akaja. Koti limefuliwa, tabasamu limepangwa. Akasalimia kama vile hakuna kilichowahi kutokea duniani.

"Mama Chai, kikombe changu kile cha zamani."

"Na wewe si una presha, dokta?"

"Nimeshapimwa, mama. Sheria ni sheria." Akakunja shati, akanyoosha mkono. Pamba ilikuwepo, na plasta juu yake, imenyooka vizuri kabisa.

Wifi yangu akaweka birika chini. Akamshika ule mkono mnene, akauvuta, akaliinamisha jicho lake la kushoto mpaka karibu ya ngozi, hata nikadhani atamng'ata. Kisha akaishika plasta kwa ukucha akaibandua polepole, pamoja na vinyweleo vyake, akaigeuza. Pamba ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Ngozi chini yake haikuwa hata na kitobo.

Nilijaa kinyaa mpaka meno yakaniganda. Mtu amekaa miaka kati ya sindano na pamba, ameibandika pamba kavu ili amwibie chai mwanamke mwenye jicho moja. Nilikuwa nimeshakusanya mate. Lakini Sindano hakucheka wala hakubisha. Alitazama benchi, akasogea karibu, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama, naogopa. Damu yangu nimeiona mara moja. Naogopa kuiona tena."

Wifi yangu akairudisha ile pamba mahali pake, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika, taratibu, kama anayemfunga mtoto kidonda.

"Hata mimi niliogopa, kaka," akasema. "Nikaja mara tatu."

Akachukua kikombe cha Sindano, kitupu, akakifudikiza mezani.